Homer, Herodotus au Thucydides: uwaanze Wagiriki wa kale kwa nani?

"Mwalimu, nataka kuwasoma Wagiriki wa kale kwa maneno yao wenyewe. Nianze na nani?" Swali hili naulizwa na wanafunzi, naulizwa na walimu wenzangu, na safari moja niliulizwa na fundi magari wa mtaani kwetu ambaye husoma kila jioni akishafunga gereji. Majina yanayowatatiza huwa yale yale matatu: Homer, aliyeimba vita vya Troy na safari ya Odysseus kurudi nyumbani, Herodotus, aliyesimulia jinsi Wagiriki walivyopambana na Waajemi, na Thucydides, aliyeandika jinsi Wagiriki walivyoangamizana wao kwa wao.

Nimewasoma wote watatu, nikarudia, na jibu ninalotoa hutegemea nani anauliza. Kila mmoja anajibu swali lake. Homer anakuonyesha Wagiriki walivyopenda kujiona. Herodotus anakuonyesha walivyowatazama wengine. Thucydides anakuonyesha walivyokuwa hofu na tamaa zilipowashika. Ukijua ni lipi kati ya hayo linalokukereketa, nusu ya kazi imekwisha.

Nitawapima kwa mambo manne: ni rahisi kiasi gani kumwingia, simulizi yake inakushikaje, uamini kiasi gani anachosema, na utaona nini cha maisha ya watu wenyewe, hasa wasio wafalme wala majenerali.

Kwanza utambulisho mfupi. Kwa jina la Homer tuna tenzi mbili, Iliad na Odyssey, kila moja imegawanywa katika vitabu 24. Iliad ina mistari zaidi ya 15,000 na Odyssey zaidi ya 12,000. Wataalamu wengi huziweka karibu na karne ya 8 K.K., na bado wanabishana kama Homer alikuwa mtu mmoja. Herodotus alizaliwa Halicarnassus, mji ambao leo ni Bodrum nchini Uturuki, mwanzoni mwa karne ya 5 K.K., na kazi yake ina vitabu 9. Thucydides alikuwa Mwathene wa kizazi kilichofuata. Mwaka 424 K.K. alikuwa jenerali, akachelewa kuuokoa mji wa Amphipolis, akafukuzwa nchini miaka 20. Miaka hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya kuwasikiliza watu wa pande zote mbili za vita, Athens na Sparta. Aliacha vitabu 8, na cha mwisho kinakatika ghafla katika matukio ya mwaka 411 K.K., miaka 7 kabla ya vita kwisha.

Urahisi wa kuingia

Homer anatisha kwa urefu, lakini mtu aliyelelewa na utenzi ana faida ambayo msomaji wa Ulaya mara nyingi hana. Tenzi hizi zilitoka midomoni kabla ya kufika kwenye maandishi. Katika miaka ya 1930 mtafiti wa Marekani, Milman Parry, alikwenda Yugoslavia kuwarekodi manju wasiojua kusoma, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kutunga maelfu ya mistari papo hapo kwa kutumia mafungu ya maneno yaliyokwisha kutayarishwa. Ndiyo maana Achilles ni "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi, na alfajiri ina "vidole vya waridi" kila ikichomoza. Usichoshwe na marudio hayo. Kwa manju, hapo ndipo pa kuvuta pumzi. Aliyewahi kusikia habari za Fumo Liyongo zikiimbwa, sikio lake limeshatayarishwa. Mahali pamoja tu panahitaji uvumilivu: kitabu cha 2 cha Iliad, ambapo merikebu na makamanda wanatajwa kurasa kwa kurasa. Ukipapita haraka hutakosa kisa chenyewe.

Herodotus ndiye mwepesi kuliko wote. Anasimulia kama mzee aliyekaa barazani na kahawa yake: anaanza na vita, anakumbuka mfalme, mfalme anamkumbusha hekalu, hekalu linampeleka Misri, na kitabu kizima cha 2 kinakwisha akiwa bado Misri. Ugumu wake ni huohuo. Mtu anayetaka hoja iende moja kwa moja atahisi amepotezwa njia.

Thucydides ni mgumu, na si kwetu tu. Dionysius, mzaliwa wa mji uleule wa Herodotus, aliyejua Kigiriki tangu utotoni, alilalamika karne ya 1 K.K. kwamba sentensi zake zimefungwa mno. Mimi nilianza naye nikiwa chuoni, nikakwama katika kitabu cha 1 kati ya Corcyra, Epidamnus na Potidaea, nikamfunga kwa miaka kadhaa. Kilichonirudisha ni ramani. Nilipoibandika ukutani na kutia alama kila mji unapotajwa, majina yakageuka mahali. Tafuta toleo lenye ramani, na usione aibu kuanzia kitabu cha 2.

Simulizi inavyokushika

Neno la kwanza kabisa la Iliad, kwa Kigiriki, ni "hasira". Farasi wa mbao hayumo humo, wala kuanguka kwa Troy. Farasi utamkuta katika Odyssey. Iliad inashika majuma machache tu ya mwaka wa kumi wa vita na kuyakamua. Agamemnon, kamanda mkuu wa Wagiriki, anamnyang'anya Achilles, shujaa wao mkubwa, mateka wake Briseis, Achilles anasusa vita, rafiki yake Patroclus anauawa na Hector wa Troy, ndipo Achilles anarudi kulipiza kisasi na kuuburuta mwili wa Hector nyuma ya gari la farasi. Kisha, katika kitabu cha 24, Priam, mfalme mzee na baba wa Hector, anaingia usiku katika hema la adui, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Anamwambia Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe. Wote wawili wanalia, kila mmoja na msiba wake, kisha wanakula pamoja. Sijui mahali pengine ambapo maadui wameketishwa karibu hivyo bila mmoja kuombwa asahau.

Herodotus anakushika kwa visa vidogo. Croesus, mfalme wa Lydia aliyesifika kwa utajiri, anauliza huko Delphi, kwenye hekalu la uaguzi, kama awapige Waajemi. Anajibiwa kwamba akifanya hivyo atabomoa dola kubwa. Anavuka mto Halys kwa furaha, na dola anayoibomoa ni yake. Baadaye utamkuta Xerxes, mfalme wa Waajemi, akiamuru bahari ya Hellespont ichapwe viboko 300 kwa sababu dhoruba imevunja daraja lake. Muda si mrefu anayaangalia majeshi yake yakijaza pwani, kisha anaanza kulia. Anapoulizwa kulikoni, anasema amewaza kwamba baada ya miaka 100 hata mmoja wa watu wale hatakuwa hai. Mtu mmoja, viboko na machozi, na Herodotus anakuachia wewe umpime.

Thucydides hakusudii kukuburudisha, na anasema hivyo waziwazi. Lakini soma habari za Mytilene, mwaka 427 K.K. Mji huo wa kisiwa cha Lesbos uliiasi Athens ukashindwa. Bunge la Athens, kwa hasira, linapiga kura kwamba wanaume wote wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu inatumwa na amri. Kesho yake watu wanaamka na majuto, wanajadili upya, na kwa kura chache uamuzi unabatilishwa. Merikebu ya pili inaifukuza ya kwanza iliyotangulia kwa kiasi cha siku nzima. Wapiga makasia wanakula wakiwa kazini, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta, na wanalala kwa zamu. Ile ya kwanza inakwenda polepole, maana hakuna anayeharakia kazi ya namna hiyo. Kamanda amekwisha kuisoma amri ya kuua pale merikebu ya pili inapofika. Kisa chote hakijazi kurasa nyingi, na pumzi inakukatika. Kisha Thucydides anaongeza, kwa sauti ileile, kwamba viongozi wa uasi bado waliuawa, zaidi ya 1,000.

Uaminifu

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuwapima watatu hawa kwa kipimo kimoja.

Homer si mwanahistoria. Ni kweli kwamba huko Hisarlik, kaskazini magharibi mwa Uturuki, kuna magofu ya mji juu ya mji, yaliyochimbwa na Heinrich Schliemann tangu miaka ya 1870, na wanaakiolojia wengi wanakubali kwamba hapo ndipo Troy. Lakini hakuna jiwe lenye jina la Achilles. Mwamini Homer kwa habari ya yale ambayo Wagiriki waliyaona kuwa heshima, aibu, ukarimu na kifo chema. Kwa tarehe na majina, usimtegemee.

Herodotus ameitwa baba wa historia, na wapo tangu kale waliomwita mwongo. Neno lenyewe "historia", lile tunaloliandika juu ya daftari, limo katika sentensi yake ya kwanza, na maana yake kwake ni kuuliza na kuchunguza. Anatuambia kazi yake ni kusema yanayosemwa, si lazima ayaamini yote. Basi utakutana na siafu wa India wanaochimba dhahabu, na jeshi la Xerxes lenye askari wa miguu 1,700,000, idadi ambayo wanahistoria wa leo hawaikubali. Lakini uaminifu wake katika kunukuu umetupa zawadi. Anasimulia kwamba Farao Necho aliwatuma mabaharia wa Foinike waizunguke Afrika, wakatokea Bahari ya Shamu, wakawa wanatua njiani kupanda nafaka na kungoja mavuno, wakarudi mwaka wa tatu kupitia Gibraltar. Walidai kwamba walipokuwa wakiizunguka Afrika, jua lilikuwa mkono wao wa kulia. Herodotus anasema wengine na waamini, yeye haamini. Simama Dar es Salaam saa sita mchana mwezi wa Juni, elekeza uso magharibi, uone jua liko upande gani. Jambo lililomfanya Mgiriki asadiki kwamba wamedanganya ndilo linalotufanya sisi tudhani huenda walifika.

Thucydides ndiye makini kuliko wote. Alilinganisha mashahidi, akalalamika kwamba wawili walioona tukio moja hawasemi sawa. Tauni ilipoingia Athens mwaka 430 K.K. aliugua mwenyewe, akapona, akaorodhesha dalili ili itambuliwe ikirudi. Hata hivyo usimsome kama maandiko matakatifu. Hotuba ndefu anazowapa viongozi, ikiwemo ile maarufu ya Pericles, kiongozi wa Athens, juu ya marehemu wa vita, anakiri kwamba ameziandika kwa kufuata maana ya jumla na kwa yale aliyoona yalifaa kusemwa. Na mwanasiasa Cleon hapati kutoka kwake hata neno moja la hisani.

Maisha ya watu

Kigezo hiki ndicho kinachonigusa zaidi, na Odyssey inawapita wote.

Utaona mgeni anavyopokewa: maji ya kunawa, chakula, divai, na ndipo aulizwe jina lake na atokako. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa adabu hiyo. Utamwona Penelope, mke wa Odysseus, akifuma sanda ya baba mkwe wake mchana na kuifumua usiku kwa mwanga wa mienge, miaka mitatu, ili asiolewe na mmoja wa wanaume waliojazana sebuleni wakila mali ya mumewe. Utamwona Argos, mbwa mzee aliyelala juu ya samadi, akimtambua bwana wake baada ya miaka 20, akatikisa mkia, akafa.

Na utamkuta Eumaeus, mchunga nguruwe. Katika kitabu cha 15 anasimulia jinsi alivyokuwa mtumwa. Alizaliwa mtoto wa mfalme. Wafanyabiashara wa Foinike walifika kisiwani kwao na vikorokoro vya kuuza. Mmoja akaingia nyumbani na mkufu wa dhahabu na kaharabu, na mama yake Eumaeus na wajakazi wakawa wanaupokezana, wakiuangalia na kutaja bei. Wakati huo yaya wake, ambaye naye alitekwa nyara kwao Sidoni, akaficha vikombe vitatu kifuani, akamshika mtoto mkono na kumtembeza hadi bandarini. Yaya akafa baharini, mtoto akauzwa. Anayejua habari za Bagamoyo na Kilwa hawezi kuupita ukurasa huo mbio. Lakini usidhani Homer anaupinga utumwa. Katika kitabu cha 22, wajakazi 12 waliolala na wale wachumba wanalazimishwa kwanza kuosha damu mezani, kisha wananyongwa kwa kamba ya merikebu. Anatuambia miguu yao ilitapatapa kidogo tu. Wala hatuambii kama walikuwa na uwezo wa kukataa.

Herodotus anaonyesha mila za watu wengi kuliko Mgiriki mwingine yeyote wa zama zake. Mfalme Darius wa Waajemi, kwa simulizi yake, aliwauliza Wagiriki kwa malipo gani wangekula maiti za baba zao. Wakasema kwa malipo yoyote hapana. Akawauliza watu wa India waliokuwa na desturi hiyo kwa malipo gani wangewachoma moto. Wakapiga kelele asitamke jambo hilo. Na yupo mfalme wa watu weusi wa kusini ya Misri, aliowaita Waethiopia. Wapelelezi wa Waajemi wanamletea zawadi, naye anacheka mikufu ya dhahabu akidhani ni pingu, anasema za kwao ni imara zaidi. Anawarudisha na upinde: siku Waajemi watakapouvuta upinde mkubwa kama huu kwa urahisi, ndipo waje kwetu, tena kwa wingi. Mfalme wao Cambyses anaondoka kwa hasira bila chakula cha kutosha, na jeshi linaishia kulana jangwani. Tena, katika vita vya Salamis, mwaka 480 K.K., anamsifu malkia Artemisia wa mji wake mwenyewe, aliyeongoza merikebu zake upande wa Waajemi.

Kwa Thucydides maisha ya nyumbani karibu hayapo. Wanawake ni wachache mno, na Pericles wake anawaambia wajane kwamba sifa yao kuu ni kutotajwa na wanaume kwa zuri wala baya. Anachokupa badala yake ni umma: mkutano, kura, umati, woga. Mwisho wa kitabu cha 7, baada ya jeshi la Athens kuangamia Sicily mwaka 413 K.K., mateka wasiopungua 7,000 wanatupwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse. Jua mchana, baridi usiku, maiti zimelundikana kando ya walio hai. Kwa miezi minane kila mmoja anapewa maji kibaba kidogo, kama robo lita, na nafaka maradufu ya hiyo.

Kwa hali yako

Kama husomi sana na unaogopa vitabu vikubwa, chukua Herodotus, ufungue popote. Hakuna atakayekuuliza ulianzia wapi.

Kama una watoto nyumbani au darasa la kidato cha kwanza, Odyssey, vitabu vya 9 hadi 12: jitu la jicho moja na safari ya kuzimu. Wasomee kwa sauti. Kama umefiwa hivi karibuni, Iliad ina mengi ya kukuambia, ila kitabu cha 22 kisubiri.

Kama umesomea sheria, siasa, uandishi wa habari, au umeishi mahali ambapo majirani walianza kuogopana, Thucydides, kitabu cha 3, habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Corcyra, anapoeleza jinsi maneno yenyewe yalivyobadilika maana: uzembe wa kufikiri ukaitwa ushujaa, na kiasi kikaitwa woga. Ni kurasa chache. Ukiweza hizo, rudi kitabu cha 2.

Kama una mwaka mzima mbele yako, wasome kwa mpangilio wa zama, Homer kwanza, kwa sababu Herodotus alimjua kwa moyo na Thucydides anabishana na wote wawili.

Kama Kiingereza kinakupa shida, hakuna kati ya hawa watatu ninayeweza kukuelekeza kwa Kiswahili kikamilifu. Anza na tamthilia: Mfalme Edipode ya Sophocles, iliyotafsiriwa na Samuel Mushi na kuchapishwa mwaka 1971. Ulizia maktaba za vyuo.

Na kama kinachokuvuta ni kujua Wagiriki walijua nini juu yetu, acha hawa watatu kwa muda. Kuna mwongozo mfupi wa mabaharia, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K. na mfanyabiashara wa Misri, uitwao Periplus wa Bahari ya Erythraea. Aya zinazohusu pwani yetu ni chache. Anaiita Azania, na anataja soko la mwisho, Rhapta, lililopewa jina kwa mashua zake zilizoshonwa kwa kamba. Anasema pembe za ndovu zilikuwa nyingi huko, pamoja na magamba ya kasa, na kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja kufanya biashara walikuwa wamekwisha kuoa hapo, wakaijua nchi na lugha yake.